Utabiri uliokosea kwa hektopaskali 145

Asubuhi ya Ijumaa, 20 Mei 1910, mgandamizo wa hewa karibu na jiji la Munich, Ujerumani, ulikuwa umetulia, na uliendelea kutulia hadi mchana. Lakini katika makaratasi ya Mwingereza mmoja aitwaye Lewis Fry Richardson, mgandamizo huo ulipanda kwa hektopaskali 145 ndani ya muda wa saa 6. Kwa asiyezoea vipimo hivi: kimbunga kikali cha baharini kikikupitia juu ya kichwa huweza kushusha mgandamizo kwa hektopaskali 100 hivi, na hapo ni maafa ya kusimuliwa vizazi na vizazi. Hayo ya Richardson hayajawahi kutokea.

Mtu mwingine angeyachana makaratasi hayo. Richardson aliyachapisha. Mwaka 1922 kitabu chake, Weather Prediction by Numerical Process, kilitolewa na Cambridge, na katikati yake kulikuwa na kosa hilo, jedwali kwa jedwali, kila hatua ikiwa wazi ili anayetaka kuifuata aifuate. Uigaji wa kisayansi tunaoutegemea leo, huu wa kuipa kompyuta kazi ya kuigiza upepo, moto, daraja au mtiririko wa damu kabla ya kuvigusa vyenyewe, una mababu wengi. Mimi nikiulizwa nianze na nani, nitaanza na huyu aliyekosea hadharani.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza, gumu kulitenda. Kanuni za mwendo wa hewa zilikuwa zinajulikana tangu karne ya 19, zimeandikwa kwa milinganyo. Tatizo ni kwamba milinganyo hiyo haifumbuliki kwa kalamu; hakuna fomula utakayoingiza tarehe ikakutolea mvua. Richardson alikata ramani ya Ulaya ya kati katika miraba yenye upana wa kilomita 200 hivi, akaipanga hewa katika matabaka 5 kwenda juu, akaandika katika kila mraba kasi ya upepo, mgandamizo na unyevu, kisha akakokotoa: mraba huu ukiwa hivi na jirani yake yuko vile, baada ya saa kadhaa utakuwaje? Hatua ile ikiisha, majibu yake ndiyo yanayokuwa maswali ya hatua inayofuata. Mhandisi anayejaribu bawa la ndege kwenye kompyuta leo bado anafanya hivyo hivyo; tofauti ni kwamba vipande vyake ni mamilioni.

Richardson alikuwa muumini wa dhehebu la Quaker, lisilokubali kubeba silaha. Mwaka 1916 aliacha kazi yake kwenye idara ya hali ya hewa ya Uingereza akajiunga na kikosi cha wenzake wa dhehebu hilo kilichoendesha magari ya wagonjwa, akapelekwa Ufaransa kubeba majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hesabu ya ile Ijumaa ya 1910 aliifanya huko huko vitani, katika mapumziko, ofisi yake ikiwa rundo la nyasi kavu kwenye malazi yenye baridi. Ilimchukua wiki 6 hivi, kwa mkono, kupata utabiri wa saa 6 kwa miraba miwili tu. Aliichagua tarehe hiyo kwa sababu siku hiyo maputo ya vipimo yalirushwa katika vituo vingi vya Ulaya, hivyo takwimu za hewa ya juu zilikuwepo. Aprili 1917, mapigano ya Champagne yakiwa yamechacha, mswada wa kitabu ulipelekwa nyuma kwa usalama ukapotea. Ulikutwa miezi baadaye nchini Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe.

Ndani ya kitabu hicho kuna ukurasa ambao wanahisabati hupenda kuukumbuka. Richardson alijiuliza ingehitaji watu wangapi kukimbizana na hali ya hewa ya dunia nzima bila kuachwa nyuma. Akapata wakokotoaji 64,000. Akawachora wamekaa katika ukumbi wa mviringo mfano wa jumba la maonyesho, ramani ya dunia ikiwa imechorwa ukutani, kila mmoja akishughulika na kipande chake na kumpasia jirani majibu, na katikati yao, juu ya nguzo, msimamizi anayewamulika kwa taa wanaokwenda haraka kupita kiasi na wanaochelewa. Mafundi wa kompyuta kubwa za leo, zenye maelfu ya vichakataji vinavyofanya kazi kwa pamoja, wanautambua mpango huo mara moja, hata suala la kumsubiri mzembe mmoja.

Basi kosa lilitoka wapi? Si kwenye hesabu. Mwanahisabati wa Ireland, Peter Lynch, aliirudia kazi yote kwa kompyuta miongo mingi baadaye na akapata karibu kile kile alichopata Richardson. Kosa lilikuwa kwenye takwimu za kuanzia. Upepo na mgandamizo katika hewa halisi huenda kwa kusikilizana; vipimo vya siku ile, pamoja na dosari zake ndogo ndogo, havikusikilizana. Milinganyo ikafanya kama ilivyoagizwa: ikaugeuza ule mgongano kuwa mawimbi makubwa yasiyokuwepo. Lynch alipozilainisha takwimu za mwanzo kwa mbinu za kisasa, badiliko la mgandamizo lilishuka hadi chini ya hektopaskali 1. Richardson alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Palikuwa na mtego wa pili ambao hakuufikia. Mwaka 1928 wanahisabati watatu, Courant, Friedrichs na Lewy, walionyesha kwamba ukiruka muda mrefu kuliko upana wa miraba yako unavyoruhusu, hesabu italipuka hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Miruko ya Richardson ilikuwa mirefu mno. Kilichomwokoa ni kwamba aliruka mara moja tu akaishia hapo.

Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyefuata njia hiyo. Wakokotoaji 64,000 wangetoka wapi? Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaleta mashine. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia Februari 1946, ilikuwa na vali za kielektroniki zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30. Jeshi la Marekani liliijenga kwa ajili ya kukokotoa njia za mizinga, na baadaye ikahamishiwa Aberdeen, Maryland. John von Neumann, mwanahisabati wa Princeton mwenye asili ya Hungaria, alitaka ifanye jambo jingine gumu la kuwafunga watu midomo. Akachagua hali ya hewa.

Katika timu yake, mtaalamu kijana wa hali ya hewa, Jule Charney, ndiye aliyekwepa mtego wa Richardson, na namna alivyoukwepa inafundisha jambo kuhusu uigaji ambalo wanafunzi wengi huchelewa kulielewa. Hakutafuta milinganyo kamili zaidi. Alipunguza. Aliyatupa mawimbi ya sauti, akayatupa yale mawimbi ya kasi yaliyoharibu kazi ya mwenzake, akaifanya hewa yote kuwa tabaka moja linalopita kwenye kimo cha kilomita 5 na nusu hivi, akabakiwa na mawimbi makubwa yanayosukuma hali ya hewa ya kaskazini ya dunia. Modeli yake ilijua machache, na kwa sababu hiyo haikuweza kupayuka.

Jumapili, 5 Machi 1950, Charney, Ragnar Fjørtoft wa Norway na wenzao wachache walianza kazi Aberdeen. Walikesha kwa zamu, usiku na mchana, kwa siku 33. Mtandao wao ulikuwa na nukta 15 kwa 18 zilizotengana kwa kilomita 736. Leo nukta 270 ni mzaha, lakini ENIAC iliweza kushika namba 20 tu kwa wakati mmoja katika kumbukumbu yake ya kuandikika. Namba zilizobaki zilikaa kwenye kadi. Mashine ilipiga hesabu kidogo, ikatoa kadi zilizotobolewa matundu, watu wakazibeba mikononi kuzipeleka kwenye mashine nyingine za kuzipanga na kuzinakili, wakazirudisha, ikaendelea hatua inayofuata. Zilitumika kadi kama 100,000. Utabiri wa saa 24 ulichukua muda wa saa 24 hivi kuukokotoa, maana yake walikuwa wakienda sambamba na mawingu yenyewe, hawajayatangulia hata kidogo.

Jina moja huachwa mara nyingi katika simulizi hii. Klara von Neumann, mke wa John, ndiye aliyewafundisha wataalamu hao wa hewa namna ya kuiandikia programu ENIAC, na alizikagua programu zao. Alikuwa miongoni mwa watu wachache sana duniani waliokuwa na ujuzi huo kwa wakati ule. Katika makala iliyochapishwa mwaka huo alitajwa kwenye shukrani. Waandishi walikuwa Charney, Fjørtoft na mumewe.

Charney alimpelekea Richardson majibu. Mzee alikuwa hai, na kwa muda mrefu alikuwa ameiacha sayansi ya hewa. Baada ya vita alikuwa amerudi kwenye idara ya hali ya hewa, lakini akajitoa mwaka 1920 ilipowekwa chini ya wizara ya anga, yenye jeshi ndani yake, na baadaye akatumia hisabati yake kuchunguza visababishi vya vita. Alizipokea ramani, akamwita mkewe Dorothy, akamwomba aangalie: ramani ya utabiri na ramani ya siku ya kuanzia, ipi inafanana zaidi na kilichotokea kweli? Dorothy aliona utabiri umeshinda, ila kwa kiasi kidogo. Richardson akamwandikia Charney kumpongeza. Alifariki mwaka 1953. Mwaka uliofuata Sweden ikaanza kutoa utabiri wa kompyuta wa siku zijazo. Kwa anayependa kulinganisha: mwaka 2008 Lynch na Owen Lynch waliingiza programu ile ya 1950 kwenye simu ya Nokia 6300, hii iliyojaa mifukoni mwa watu Kariakoo na Gikomba miaka ile. Ikamaliza kwa muda usiofika sekunde 1.

Baada ya kazi ile ya ENIAC wengi waliamini ni suala la kuongeza nguvu za mashine tu. Aliyewakatiza ni Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1961 alikuwa na kompyuta ndogo ofisini, Royal McBee LGP-30, inayoigiza hewa ya kubuni yenye namba 12. Siku moja alitaka kuirudia sehemu ya hesabu, akaanzia katikati kwa kuandika namba kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hewa ya pili haikufanana na ya kwanza hata chembe. Akadhani vali imeungua. Ilikuwa si vali: karatasi ilichapa desimali 3, mashine ilitunza 6. Aliandika 0.506 mahali pa 0.506127. Tofauti hiyo ndogo ilikuwa ikijizidisha maradufu kila baada ya siku 4 hivi za ile hewa ya kubuni, mpaka ikaimeza yote. Alichapisha hoja yake mwaka 1963. Ellen Fetter, aliyemfanyia hesabu na michoro, naye yumo kwenye shukrani.

Kwa hiyo tangu mwaka 1992 vituo vikubwa vya utabiri haviigizi hewa mara moja tu. Kituo cha Ulaya chenye makao makuu Reading, Uingereza, huendesha uigaji wake mara 51: mmoja bila kuguswa, na 50 iliyobaki kila mmoja ukianza na tofauti ndogo ya makusudi. Nyingi zikikubaliana, mtabiri anasema kwa kujiamini. Zikitawanyika, anasema kwa tahadhari. Ukisikia redioni kuna uwezekano wa asilimia fulani wa mvua, nyuma yake mara nyingi kuna kura za namna hiyo.

Pwani yetu imeiona faida. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja bila taarifa yoyote kikaiangusha mikarafuu kwa wingi. Pemba ilinusurika, na hapo ndipo uzito wa karafuu ulipoanza kuhamia huko. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa bado baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa tayari inatoa tahadhari kwa jina lake na mwelekeo wake, kabla hakijafika eneo la Mafia tarehe 4.

Hata hivyo sisi wa Ikweta tunakaa sehemu mbaya kwa modeli hizi. Ule usikilizano wa upepo na mgandamizo ambao Charney aliutegemea hutokana na mzunguko wa dunia, na nguvu yake hupotea kadiri unavyoikaribia Ikweta. Mvua yetu, isitoshe, huletwa na mawingu ya radi yenye upana wa kilomita chache. Mraba wa kilomita 9 hauwezi kuliona wingu moja. Modeli hulikisia kwa kanuni ya jumla. Ndiyo maana kwa Ziwa Victoria, ambako radi za usiku huwaua wavuvi, ilibidi itumike modeli yenye miraba ya kilomita 4 hivi ili dhoruba zianze kuonekana zilivyo.

Na lipo fumbo la masika. Modeli nyingi za tabianchi zilisema kwamba kadiri dunia inavyopata joto, mvua za Afrika Mashariki zitaongezeka. Tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 mvua za masika zilipungua, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wakazika mifugo. Kisha zikaja masika za mafuriko za 2018, 2020 na 2024. Wapo watafiti wanaosema modeli zilikuwa sahihi ila bahari ya Pasifiki ilizizidi nguvu kwa muda. Wapo wanaosema zinakosea jinsi joto la Bahari ya Hindi lilivyopangika, na kwamba miaka mitatu ya mvua si ushahidi. Mimi naelekea kwa hao wa pili, kwa sababu modeli hizo hizo zina desturi ya kuzipa vuli mvua nyingi kupita kipimo na masika kidogo mno, hata zinapoigiza miaka ambayo tayari tumeshaipima.