Injini Iliyoundwa Isiguswe

Ndugu zangu, ukiuliza ni injini gani imefumuliwa, ikakerezwa na kufungwa upya mara nyingi kuliko zote katika jiji hili, wengi watataja za daladala. Mimi nabisha. Nasema ni ile ndogo ya Honda CG125, pamoja na wajukuu zake wa Kichina. Na kichekesho ni kwamba iliundwa makusudi ili watu kama sisi tusiiguse.

Nimeshinda wiki kadhaa kwenye magereji ya Tandika na Mwananyamala nikifuatilia habari hii, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Ya pili ni kwamba mjomba amenirithisha CG yake ya zamani, na kila ninayemwonyesha anataka kuiongezea mbio.

Turudi nyuma kidogo. Pikipiki (wazee wengine waliiita tukutuku, na majina yote mawili ni mlio wake tu) za Honda za cc 125 zilizokuwa zikiuzwa mwanzoni mwa miaka ya 70 zilikuwa na kamshafti juu, kwenye kichwa cha silinda, ikizungushwa na cheni iliyo ndani ya injini. Mtambo mzuri sana, ili mradi ubadilishe oili kwa wakati. Wahandisi wa Honda walipokwenda kuangalia zinavyotumika katika nchi zinazoendelea walikuta maisha mengine kabisa: oili haiguswi mpaka iwe lami, chujio la hewa limetupwa, cheni ya nje inazunguka kavu ndani ya vumbi, na chombo cha watu wawili kimebeba familia na gunia juu.

Walirudi Japani wakaunda injini nyingine, ikatoka mwaka 1976. Kamshafti waliishusha chini karibu na krenki, ikawa inazungushwa na gia badala ya cheni. Nundu yake ni moja tu, inayosukuma fito mbili zinazopanda hadi kwenye valvu. Cheni ya nje wakaifunika yote. Kwa mtu wa mashindano huo ni ushamba, maana nguvu yake ni farasi 11 hivi, basi. Mimi naona ni kazi ya heshima. Badala ya kumlaumu mtumiaji, walimwundia kitu kinachovumilia maisha yake.

Sasa hapa kwetu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na bei ya mafuta kupanda duniani, viliikausha nchi fedha za kigeni. Waliokuwepo wanakumbuka foleni za sabuni na sukari. Wenye vyombo vya moto wanakumbuka pia kwamba pistoni mpya ilikuwa haipatikani hata ukiwa na hela mkononi. SIDO ilikuwa imeanzishwa tangu 1973 kusukuma viwanda vidogo, lakini kazi nyingi ziliangukia kwa mafundi wa mitaani waliokuwa na mashine ya kukereza na macho makali.

Mzee mmoja wa Tandika, ambaye hataki nimtaje, alianza kukereza miaka hiyo. Alinieleza kwamba silinda ikishalika na pistoni ya saizi yake hakuna, walitafuta pistoni yoyote iliyokuwepo, ya chombo chochote, kisha wakaipanua silinda mpaka iipokee. "Hatukuwa tunatafuta mbio, mwanangu," aliniambia. "Tulikuwa tunatafuta iwake." Ila silinda iliyopanuliwa inavuta hewa na petroli nyingi zaidi, kwa hiyo injini ilirudi barabarani ikiwa na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo Temeke ilijifunza kuongeza mbio kwa sababu ya kukosa spea.

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Kipenyo cha silinda ya CG ni milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Ukizidisha inavyotakiwa unapata cc 124. Weka pistoni ya milimita 62, utapata cc 149. Lakini ile nafasi ndogo ya juu, mchanganyiko unapobanwa kabla ya cheche ya plagi, haijaongezeka. Kama mwanzoni mchanganyiko ulibanwa mara 9, sasa utabanwa zaidi ya mara 10 na nusu. Ndiyo inayoleta nguvu, na ndiyo inayoleta balaa, kwa sababu petroli ikibanwa kupita uwezo wake inalipuka ovyo. Utasikia mlio kama wa mtu anayetikisa misumari kwenye kopo. Ukiupuuza, pistoni inatoboka.

Na petroli yetu nayo ina historia yake. Zamani ilitiwa madini ya risasi ili ivumilie mbano, mpaka nchi za kusini mwa Jangwa la Sahara zilipoyaondoa ilipofika mwanzoni mwa 2006. Halafu kuna wajanja waliokuwa wakiichanganya na mafuta ya taa, yaliyokuwa ya bei nafuu, na mafuta ya taa hayavumilii mbano hata kidogo. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. (Bibi wa kijijini mwenye kibatari akaumia kwa dhambi za wauza petroli wa mjini, lakini hiyo ni mada nyingine.) Mzee wa Tandika anasema miaka hiyo ya uchakachuaji hakumfungia mtu pistoni kubwa bila kuweka gasketi mbili chini ya bloku, ili mbano upungue. Hakuwahi kusoma hilo mahali. Aliona pistoni zilizotoboka, akazigeuzageuza mkononi, akaelewa.

Wanaodhani namkuza mzee wa watu nawakumbusha Burt Munro wa New Zealand. Alinunua Indian Scout ya mwaka 1920, cc 600, iliyoundwa kukimbia kama kilomita 90 kwa saa. Aliikarabati kwa miongo kadhaa, akiyeyusha na kusubu pistoni zake mwenyewe kwa kutumia makopo, mpaka ikafika cc 950. Mwaka 1967, kule Bonneville nchini Marekani, ilikwenda zaidi ya kilomita 295 kwa saa. Alitengenezewa filamu mwaka 2005. Sisi wa kwetu tumemwachia kukereza bushi za mageti.

Maana ndivyo ilivyo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 pikipiki za Kichina, SanLG, Fekon na nyingine nyingi, zilimiminika zikiwa na injini iliyonakiliwa kutoka CG ileile. Kanuni za mwaka 2010 zikaihalalisha bodaboda. Leo bloku, pistoni na ringi za cc 150 unazikuta Kariakoo ndani ya boksi moja. Kijana anafungua, anafunga, jioni yuko Barabara ya Kilwa, na hakuna aliyepima kitu. Sichukii spea rahisi, zimelisha familia nyingi. Kinachoniudhi ni kwamba nguvu imekuwa ya kununua, huku breki zikibaki zilezile.

Hili la breki ndilo linalonikosesha usingizi. Ukitoka mwendo wa 60 kwenda 80 hujaongeza theluthi moja tu ya kazi ya kusimama, umeongeza zaidi ya robo tatu. CG ya zamani ina breki za drumu zilizopimwa kwa farasi 11. Watu wa mitaani wameshabandika jina "wodi ya bodaboda" kwenye wodi za waliovunjika mifupa, na si kwa utani. Kukata ekzosi nako, kwa taarifa yenu, huongeza kelele tu na kumwamsha mtoto wa jirani.

Ya mjomba tumekubaliana hivi na mzee. Kwanza brekishuu mpya mbele na nyuma, kabla ya spana nyingine yoyote kugusa chombo. Silinda imelika, kwa hiyo itapanuliwa kwa robo milimita tu, saizi ya kwanza ya marekebisho. Kabureta itasafishwa na valvu zitasagwa. Sproketi ya mbele itatoka meno 14 kwenda 15, ambayo kwa mzunguko uleule wa injini inaongeza mwendo kama asilimia 7, na ukijuta unairudisha kwa nusu saa. Mzee anaanza kazi Jumatatu.

Nilimpigia mjomba kumpa taarifa. Alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Mpwa wangu, ile cheni bado ina kifuniko chake?" Nikamwambia bado ipo ndani ya kifuniko. "Haya, endeleeni," akasema, akakata simu.