Kutoka Baraza hadi Barza: Ngazi na Bustani katika Historia ya Neno

Mbele ya nyumba nyingi za Lubumbashi zilizojengwa wakati wa ukoloni ipo varanda yenye paa, iliyoinuliwa juu ya ardhi, na ngazi chache za matofali au saruji ziteremkazo hadi bustanini. Wenyeji huiita barza, na Wabelgiji nao waliliingiza neno hilo katika Kifaransa chao cha Kongo. Ni rahisi kusema kwamba barza ni baraza ya pwani, na kuishia hapo. Lakini neno la nyumba halisomeki vema bila nyumba yenyewe, hasa bila kutazama kilichopo baina ya mahali pa kuketi na njia ya wapitao.

Katika miji ya mawe ya Lamu na Unguja, baraza ni benchi lililojengwa pamoja na ukuta, kando ya mlango. Halina bustani mbele yake. Mguu wa aketiye hugusa njia, na salamu hupokewa papo hapo. Mgeni hukaribishwa huko nje bila kuingia ndani waliko wanawake wa nyumba, na mvua kubwa ikijaza maji vichochoroni, watu hupita juu ya mabaraza kama juu ya daraja. Ni mali ya mwenye nyumba, lakini mtaa nao una haki yake juu yake. Huko Oman, barza ni kikao ambamo mkubwa hupokea watu na kusikiliza mashauri yao. Umbo la Kongo lafanana mno na hilo la Oman. Isitoshe, irabu iliyodondoka katika baraza ndiyo ile yenye mkazo, ambayo kwa kawaida haidondoki. Kwa hiyo wadhaniao kwamba ni ulegevu wa ulimi wa bara wangefaa kufikiri upya.

Misafara ya karne ya 19 ilibeba desturi hiyo hadi Ujiji, Nyangwe na Kasongo. Stanley alipomkuta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, waliketi juu ya jukwaa la udongo chini ya upenu mpana, lililotandikwa mkeka na ngozi ya mbuzi, na watu wa mji wakikusanyika mbele yao. Mawe ya pwani yalikuwa yamegeuka udongo, lakini kazi ya mahali hapo ilikuwa ileile.

Elisabethville, uliokuja kuitwa Lubumbashi mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Viwanja vya Wazungu vilikuwa vipana, na nyumba ikawekwa ndani, mbali na barabara. Kuinua msingi kulikuwa na sababu za kweli. Mvua za Katanga, zinyeshazo tangu Novemba hadi Machi au Aprili, hurusha tope jekundu ukutani, na mchwa hupanda kutoka ardhini kutafuta mbao. (Udongo wa vichuguu ulitumika kufyatulia matofali mengi ya mji huo, hata ingeweza kusemwa kwamba mchwa alijenga nyumba kwanza, ndipo akaanza kuila.) Msingi ukishainuliwa, ngazi zahitajika. Maji ya paani nayo huchimba ardhi kandokando ya ngazi, basi hupangwa mawe, huchimbwa mfereji, hupandwa nyasi zishikazo udongo na maua yafichayo msingi mtupu. Zaidi ya hapo ukaja ua wa bugenvilia, na barabarani mijakaranda iliyotoka Amerika ya Kusini.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa kibaya chenyewe. Lakini vikiwekwa pamoja vilifanya kazi ambayo hakuna sheria iliyohitaji kuiandika. Kati ya njia na mwenye kuketi kulikuwa sasa na ua, majani, maua, kisha ngazi. Salamu ya mpita njia haikufika tena. Aliyemwagilia maua hayo na kufagia ngazi hizo alikuwa mtumishi Mwafrika. Alipanda akibeba sinia, wala si kwa kuketi, na makao yake yalikuwa nyuma ya kiwanja. Historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, kwa ajili ya watumishi wa nyumbani wa zamani, yatoka upande huo wa nyuma. Yafaa isomwe sambamba na ramani za mji, ambazo huonyesha viwanja bila kuonyesha nani aliruhusiwa kupanda wapi. Hivyo neno la mapokezi likawa jina la mahali pa kutazamia watu kwa mbali.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 nyumba nyingi zilibadili wakaaji, na bustani zikabadilika pia, ingawa si zote wala si kwa siku moja. Miembe na miparachichi ilipandwa palipokuwa na majani. Shida za miaka ya 1990 zilipozidi, mahindi, mihogo na lengalenga zilisogea hadi chini ya barza. Na aliyelalamika kwamba uzuri wa mji umeharibika aghalabu hakuwa na njaa. Penye ua uliofunguliwa, meza ndogo ya chumvi, sabuni na makaa ikawekwa karibu na ngazi. Mnunuzi husimama chini na mwenye nyumba huketi kidato cha mwisho, na mazungumzo ya bei huchukua muda mrefu kuliko ununuzi wenyewe.