Dumuzi na Adui Yake

Itigi, katika mkoa wa Singida, ni kituo cha Reli ya Kati baina ya Dodoma na Tabora, na vichaka vizito vya nchi ile huitwa kwa jina lake. Njia iletayo biashara huleta pia yasiyoagizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni aliingia Tabora, na kufikia mwaka 1981 alikuwa amekwisha kutambuliwa: mbawakawa mdogo atokaye Meksiko na Amerika ya Kati, urefu wake milimita 3 au 4. Aliitwa dumuzi; wengine walimwita Skania, kwa jina la malori yachukuayo magunia. Uchunguzi uliofanywa Tabora ulionyesha kwamba baada ya miezi michache ghalani, wakulima wengine walipoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi yao. Yaliyosalia yalikuwa unga na magunzi matupu.

Wakulima walifundishwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa. Shauri hilo lilifaa, lakini dawa ni lazima inunuliwe kila mwaka, na dumuzi si mdudu wa ghala peke yake. Kwa asili yeye ni mtoboa miti, naye huzaliana katika matawi makavu porini. Mtu aweza kusafisha kihenge chake. Nani awezaye kusafisha pori zima?

Basi wataalamu walirudi kwao dumuzi, kwani mgeni huyu alikuwa amewaacha adui zake nyuma. Huko alikuwako mbawakawa mwingine, Teretrius nigrescens, afuataye harufu ambayo dumuzi dume huitoa kuwaita wenziwe, kisha akala mayai na mabuu yao. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Dawa ya moto ikawa moto.

Hata hivyo ushindi haukuwa kamili. Mahali pengine dumuzi walipungua. Mahali pengine maghala yaliendelea kuliwa, kwa sababu adui huyu huongezeka polepole kuliko windo lake. Tena hamfai mkulima ambaye mahindi yake yamekwisha kuvamiwa leo.

Ndiyo maana kazi ya mdudu haikuondoa kazi ya mtu. Mlinzi wa porini hupunguza idadi ya wavamizi. Mlango wa ghala hulindwa na mwenyewe.