Manemane na Mikono Iliyoikusanya

Kila mwaka, katika sikukuu ya Epifania, twasikia Injili ya Mateo ikitaja zawadi tatu za mamajusi: dhahabu, ubani na manemane. Dhahabu twaijua, kwa maana nchi yetu inayo. Ubani twaunusa kanisani katika Misa kuu. Lakini manemane ni nini, nayo hutoka wapi? Mara nyingi tukiuliza swali hilo katika katekesi, darasa zima hunyamaza.

Manemane ni utomvu wa mti mfupi wenye miiba. Mti huo huota Somalia, Ethiopia na kaskazini-mashariki mwa Kenya, na vilevile ng'ambo ya bahari, huko Yemen na Omani. Hupenda nchi kavu yenye mawe ya chokaa, ambako mvua ya mwaka mzima huweza kuwa milimita 230 hadi 300 tu. Kiangazi kikizidi, huangusha majani yote na kusimama kama mti uliokufa. Mvua za kwanza zikinyesha, huchipua tena. Gome lake likipasuka au likikatwa, utomvu hutoka, hukauka polepole, na kuwa vipande vyekundu vya kahawia. Harufu yake ni nzuri, ladha yake ni chungu. Hata jina lake katika lugha za Kisemiti latokana na neno lenye maana ya uchungu.

Wafalme waliitafuta tangu zamani. Katika karne ya 15 kabla ya Kristu, Hatshepsut, farao mwanamke wa Misri, alituma merikebu hadi nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika. Katika kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahari zilichongwa picha za watu wakibeba miti hai ya manukato, mizizi yake ikiwa ndani ya vikapu. Wataalamu hubishana hata leo kama ilikuwa miti ya manemane au ya ubani. Miaka elfu moja baadaye, Herodoto Mgiriki aliandika kwamba Wamisri walitia manemane iliyosagwa ndani ya maiti walizozihifadhi zisioze.

Maandiko Matakatifu nayo yaitaja. Katika kitabu cha Kutoka, shekeli 500 za manemane zatiwa katika mafuta matakatifu ya kupaka. Marko asimulia kwamba Yesu, kabla ya kusulubiwa, alipewa divai iliyochanganywa na manemane, naye akaikataa. Yoane aeleza jinsi Nikodemo alivyoleta mchanganyiko wa manemane na udi, kama ratli 100, kwa maziko ya Bwana. Hivyo manemane ilikuwa karibu naye utotoni, na tena kaburini.

Lakini tuangalie vema. Habari hizi zote zatuonyesha watoaji na wapokeaji: farao, makuhani, mamajusi, Nikodemo. Ni nani aliyekwenda jangwani kuikusanya? Majina yao hayakuandikwa. Hata leo kazi hiyo hufanywa na wafugaji, kama vile Wasomali na Waborana, ambao huokota utomvu wakiwa machungani, kisha huwauzia wachuuzi. Sisi wa Kongo, ambao mali ya ardhi yetu husafiri mbali huku mchimbaji akibaki na mikono mitupu, twalifahamu jambo hilo bila kufundishwa.

Wenyeji hao ndio waliohifadhi elimu ya mti. Manemane hutumika kusafisha vidonda na kutibu fizi zinazouma, na hufukizwa nyumbani. Kaskazini mwa Kenya, utomvu wa mti mwingine wa jamaa hiyo hupakwa mifugo ili kufukuza kupe. Kuipanda miti ya jamaa hiyo si kazi ngumu: hukatwa tawi, kidonda chake huachwa kikauke, kisha tawi huchomekwa ardhini. Maji yakituama, tawi huoza. Hivyo ndivyo watu wa nchi kavu wapatavyo ua hai wa kuzunguka boma, ua usioliwa na mchwa kama ua wa miti mikavu.

Vijana wapendwa, mti huu hutoa kilicho bora mahali ambapo wengi huona ukame mtupu. Tunapoiimba zawadi ya mamajusi, tumkumbuke pia yule mchungaji asiye na jina, aliyeinama chini ya miiba akaijaza kapu yake. Bila yeye, mamajusi wasingekuwa na manemane ya kumletea Mtoto.

Tutafakari pamoja: katika kijiji chetu, ni nani anayezijua dawa na miti ya kwetu? Je, tumemwendea lini kumsikiliza? Na tukinunua jasho la mwenzetu sokoni, je, twamlipa kwa haki?