Pamba ya Shamba na Pamba ya Nyumbani

Jina ni moja, pamba, lakini vitu ni viwili. Kimoja huchanua katika mashamba ya Iramba na Mkalama, tumba likikauka na kupasuka. Cha pili ni kile kidonge cheupe ambacho mama hukichovya katika dawa apate kusafisha kidonda cha mtoto. Mwanafunzi na atwae pamba ya shamba, aitoe mbegu, aitie katika bakuli la maji: itaelea. Kila unyuzi wake umevikwa nta nyembamba inayoyakataa maji.

Nta hiyo ndiyo kazi ya kiwanda. Pamba huchambuliwa kwanza, kilo 3 za pamba yenye mbegu zikatoa kama kilo 1 ya nyuzi. Nyuzi huchemshwa katika maji yenye magadi makali, zikang'arishwa kwa dawa, zikasuuzwa na kukaushwa. Kisha huchanwa kwa meno ya chuma hata ziwe utando mwepesi, nao hukatwa na kuviringwa. Ufundi huu haujawa wa kale sana. Mwaka 1880 mpasuaji Gamgee wa Birmingham, Uingereza, alitangaza bandeji ya pamba iliyoondolewa nta, akaiweka kati ya shashi mbili ili nyuzi zisinate kidondani.

Kusokota uzi, hata hivyo, ni elimu yetu ya siku nyingi. Katika magofu ya Kilwa vilifukuliwa vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vizito vya pia za kusokotea. Majirani wa Singida upande wa magharibi, Wanyamwezi, walifuma nguo zao wenyewe, na Wafipa vilevile. Kilichowavunja nguvu ni merikani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, majora yake yalimiminika Unguja, yakapandishwa bara kwa vichwa vya wapagazi kupitia Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, katika Manyoni ya leo. Nguo ikawa fedha, ikawa hongo ya kupitia njia. Nani angekesha na pia yake?

Kisha Wadachi wakalazimisha kilimo chenyewe. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa mashina ya pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Kwa maoni yangu hawakuuchukia mmea; walilichukia shamba ambalo mavuno yake hayakuwa yao.

Mkulima wa leo huchagua mavuno yake mafungu mawili, pamba safi na pamba fifi. Fifi haina bei njema, lakini mto haulalamiki, wala godoro, wala tambi ya kibatari. Nyeupe ya dukani ina kazi zake: dawa, marashi yanayotiwa sikioni huko pwani, na ile ya mwisho, maiti anapozibwa pua na masikio kabla ya kuvikwa sanda. Kwa kazi hizo mkulima aliyeuza gunia zima hununua kifurushi kidogo, na hulipia kuondolewa kwa nta.