Rubavu: Kikosi cha msimu mpya hupangwaje?

Ligi Kuu ya Rwanda ina siku yake rasmi ya kuanza, lakini kwa mashabiki wa Rubavu msimu huanza mapema zaidi, katika mazoezi na mechi za kirafiki. Wilaya hiyo ina klabu mbili zinazotumia Uwanja wa Umuganda, Gisenyi: Etincelles FC, inayosaidiwa na wilaya, na Marines FC, klabu ya jeshi.

Njia zao za usajili hutofautiana. Marines hutegemea zaidi vijana wa Rwanda, ilhali Etincelles huwachanganya na wachezaji wa kigeni. Idadi ya wageni huwekewa kikomo na Shirikisho la Soka la Rwanda, FERWAFA. Kwa mji unaopakana na Goma, kanuni hiyo ina uzito wa pekee: mchezaji Mkongomani, hata kama kwao ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanjani, huhesabiwa kuwa mgeni.

Uamuzi mbaya hugharimu, kwa kuwa klabu mbili za mkiani hushuka daraja. Nafasi ya kurekebisha makosa hupatikana katika dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu.

Mwaka 2016 uwanja huo ulipokea Kundi D la CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za nyumbani: Mali, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Kombe lilivuka mpaka, likaenda Kongo.