Lesi ya Harusi ya Malkia: Nyuma ya Pazia Haikuwa Tamu Hivyo

Wapenzi wa fasheni, mnajua kwamba Februari 1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na gauni jeupe, na mpaka leo mabibi harusi kibao wanafuata nyayo zake. Sawa. Ila lesi iliyopamba gauni lile ilisukwa kijiji cha Beer, Devon, na wanawake kama 200, kwa miezi kadhaa. Leo tuwaongelee hao, maana gauni limeshasifiwa vya kutosha.

Lesi ya aina hii inasukwa juu ya mto mgumu. Unaweka mchoro uliotobolewa vitundu, na kila uzi umezungushiwa kijiti chembamba cha mbao, yaani bobini. Unapishanisha, unasokota, unachoma pini, unarudia. Kwa macho inapendeza balaa! Kuifanya sasa. Kwanza, kabla hujasuka hata kidogo, lazima ujaze uzi bobini moja moja, makumi kwa makumi, na kazi hiyo hakuna atakayeiona. Halafu ukikosea kupishanisha, ukaja kugundua umeshasonga mbele, hakuna njia ya mkato. Unafumua, pini kwa pini, mpaka ulipokosea. Jasho la siku nzima limeenda hivyo.

Na msidhani mateso yalikuwa Devon tu. Buckinghamshire na Bedfordshire nako wanawake waliishi kwa lesi, na huko kisanga kilikuwa baridi. Moto wa kuni haukutakiwa karibu, masizi yangechafua uzi mweupe. Kwa hiyo binti anaweka chungu chenye makaa chini ya sketi yake, anakaa nacho hivyo hivyo akiendelea kusuka. Usiku mshumaa mmoja unagawanywa kwa watu kadhaa: mbele yake wanapanga chupa za duara zilizojaa maji, kila chupa inakusanya mwanga na kumulikia msukaji mmoja kijisehemu kidogo cha mto wake. Macho yaliumia, aisee. Na kulikuwa na shule za lesi ambako watoto wa miaka 5 hivi walianza kazi, wakiinamia mto kutwa nzima.

Kilichoniuma mimi zaidi ni malipo. Mara nyingi tajiri anayekuuzia uzi ndiye huyo huyo anayenunua lesi yako, na wengine walilipa kwa bidhaa za dukani badala ya hela. Utabishana naye nini?

Turudi kwenye gauni. Yale maua ya lesi ya Devon yalishonewa juu ya wavu uliotengenezwa na mashine, teknolojia ile ile iliyokuwa inawanyang'anya wasukaji tonge mdomoni. Mchoro wenyewe inasemekana uliharibiwa ili mtu asiuige. Malkia aliipenda lesi ile mno, akaivaa tena na tena. Icheki picha yake rasmi ya kutimiza miaka 60 ya utawala, mwaka 1897. Ni mzee sasa, amevaa nguo nyeusi, na lesi juu yake ni ile ile ya Beer.